Chimala, kata kushoto

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Desemba, barabara kuu ya kwenda Mbeya hubadilika sura. Mabasi hujaa, magari madogo yenye mizigo juu ya keria hufuatana kuanzia Kibaha, na kila kituo cha mafuta kati ya Morogoro na Makambako utakuta watoto wameshuka kunyoosha miguu huku mama zao wakigawa mayai ya kuchemsha na chapati. Ni watu wanaokwenda kwao: Tukuyu, Kyela, Ileje, Mbozi. Wakifika Chimala wamekwisha kuchoka, macho yako mbele, Mbeya mjini. Mkono wao wa kushoto ukuta wa mlima umesimama hadi mawinguni, nao wanaupita kwa mwendo uleule, mwaka baada ya mwaka.

Juu ya ukuta ule kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na wataalamu wa mimea wakaipa jina la Serengeti ya Maua. Majina yote mawili inayastahili. Uwanda wake uko kwenye wastani wa mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mvua zikishashika, kuanzia mwishoni mwa Novemba, nyasi zake huchanua maua ya kila rangi, na hali hiyo huendelea hadi Aprili. Kilele chake ni Desemba, Januari na Februari.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Hifadhi zetu nyingi zinazosifiwa hupendeza zaidi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wamejikusanya kwenye maji. Huo ni msimu wa mgeni anayekuja kwa ndege. Watoto wetu, sehemu kubwa ya miezi hiyo, wako darasani. Likizo yao ndefu inaangukia Desemba na mwanzoni mwa Januari, siku zilezile ambazo Kitulo inachanua, na siku zilezile ambazo maelfu ya familia za Nyanda za Juu Kusini ziko barabarani zikielekea nyumbani. Hakuna hifadhi ninayoiona inaifaa likizo ya familia ya Kitanzania kuliko hii. Tena haihitaji safari ya peke yake. Inahitaji kukata kushoto tu, na kuongeza siku moja au mbili njiani.

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwa gari atakuwa ameshaona mengi kabla ya kufika hapo. Barabara hii ya TANZAM inapasua Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na asubuhi si ajabu kuona tembo wakivuka huku maroli ya Zambia yakiwasubiri. Baada ya Mikumi milima inaanza kubana, na pale Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa kando ya lami na mibuyu iliyosimama hadi kwenye vilele, unaandamana na Mto Ruaha Mkuu. Watoto waonyesheni mto ule. Sehemu ya maji yake imetoka kwenye milima mnayoiendea. Halafu Kitonga, Iringa, Mafinga, na baridi ya Makambako inayomfanya kila mtu atafute sweta. Baada ya Makambako barabara inateremka tena hadi bonde la Usangu, joto linarudi, majaruba ya mpunga yanaanza kuonekana kulia, na ukuta wa mlima unasogea kushoto. Hapo mmefika Chimala, na Mbeya imebaki kilomita kama 80.

Chimala ni mji wa njia: maroli, reli ya TAZARA, magunia ya mchele, mama lishe, mafundi wa pancha. Hapa ndipo pa kujaza mafuta, kukagua breki na tairi la akiba, na kununua maji. Hapa pia ndipo pa kuuliza habari za barabara, kwa sababu mvua ya jana inaweza kuwa imeharibu kilichokuwa kizuri juzi. Ukimwuliza dereva anayepanda Matamba kila siku, “Kaka, huko juu kunapitika?”, atayatazama kwanza matairi yako, kisha ndipo akujibu. Jibu lake lichukue kwa uzito. Msimu wa mvua gari la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ndilo la kuaminika. Mwenye gari dogo aliache mjini mahali penye usalama na apande na magari ya abiria.

Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, na hiyo ndiyo idadi ya kona zake. Inapanda ubavu wa mlima kwa kujikunja na kujikunjua, kona baada ya kona, kutoka bonde lililo juu kidogo tu ya mita 1,000 hadi kwenye nchi ya zaidi ya mita 2,000. Watoto huanza kuzihesabu kwa sauti. Wakifika ishirini na kitu huzuka ubishi kama ile iliyopita ilikuwa kona kamili au barabara ilipinda tu, na hesabu inaanza upya. Dereva hana nafasi ya ubishi huo. Anapanda kwa gia ya pili, akifika kwenye kona anashuka ya kwanza, anapiga honi, anasikiliza, ndipo anazungusha usukani wote.

Honi ile si ya madaha. Kutoka juu yanateremka maroli ya viazi mviringo, magunia yamefungwa lumbesa hadi yamevimba juu ya bodi, na dereva mwenye akili anashuka nayo kwa gia nzito ili injini ndiyo izuie, asiiachie breki kazi yote. Breki inayokanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Utingo naye hakai ndani kwa starehe. Lori linalopanda likisita kwenye kona kali yeye ameshadondoka chini na kipande cha gogo mkononi, anakisukuma nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi nyuma, anasubiri gia iingie, anakichomoa, kisha anakimbia kulidaka lori lililokwisha kuondoka. Nimeitazama kazi ile kwa karibu, kutoka kwenye gari lililokuwa limesimama pembeni kulipisha lori, na naamini viazi vya chipsi tunavyokula mijini vina deni kubwa kwa vijana hawa. Ukikutana na lori, tafuta mahali palipopanuka, simama, lipishe. Hakuna ujasiri wa kuonyesha hapa.

Nusu ya mlima ni vizuri kusimama hata kama hakuna lori. Miti ya miombo ya chini imebaki nyuma, hewa imebadilika, na kioo cha gari kilichokuwa kimeshushwa kwa joto sasa kinapandishwa. Geuka utazame ulikotoka. Usangu yote iko chini yako. Majaruba ya Mbarali yanametameta kwa maji, barabara kuu imekuwa uzi, na maroli yaliyokutisha kule chini huyaoni tena ila vumbi au mmweko wa kioo. Upande wa kaskazini nchi inaendelea tambarare hadi macho yanapochoka. Ukiitazama ramani nyumbani unaweza usielewe kwa nini mpunga unalimwa pale na si kwingine. Kutoka kwenye kona hii huhitaji maelezo: kila kijito unachokisikia kikiporomoka kwenye korongo kando yako kinakwenda kule.

Juu ya kona ya mwisho kuna Matamba, mji mdogo wa wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, katika nchi ya Wawanji. Mtu akikusalimia “Kamwene”, itikia kwa moyo; salamu hii utaisikia kwingi katika Nyanda za Juu Kusini. Desemba ya hapa ni ya makoti na vitenge vilivyofungwa mara mbili. Viazi viko kila mahali: shambani, sokoni, kwenye mabega, kwenye sahani. Mbele zaidi utaona ngano na mashamba ya pareto yenye maua meupe. Maharage hapa huiva polepole, na si kosa la mpishi. Katika kimo cha Kitulo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo chungu hutaka kuni nyingi na subira zaidi.

Ofisi ya TANAPA iko hapa, na hapa ndipo mnapolipa viingilio na kupata mwongozaji. Mchukueni mwongozaji. Nalisema hili hata kwa wale wanaojivunia kujua njia, kwa sababu kwenye hifadhi ya maua jicho la kuazima lina faida kuliko kwenye hifadhi ya simba. Simba hata mtoto wa chekechea atamwona. Okidi ya kijani iliyosimama katikati ya nyasi za kijani utaikanyaga.

Kutoka Matamba ni mwendo wa kama saa moja hadi uwandani, na mabadiliko ni ya ghafla. Miti inaisha. Vijumba vinaisha. Mbele kuna nyasi tu, zinazopanda na kushuka kwenye vilima laini hadi mbali kabisa, na juu yake mbingu iliyo karibu. Hii ni nchi iliyotengenezwa na volkano za zamani za upande wa Rungwe, na udongo wake mweusi ndio unaolisha kila kitu. Kulia na kushoto vinasimama vilele, na kimojawapo, Mtorwi, kinakaribia mita 3,000, kimo ambacho Mlima Rungwe wenyewe, kwa umaarufu wake wote, haukiachi mbali.

Mwanzoni unaona rangi tu. Manjano huku, zambarau kule, doa jekundu karibu na kijito. Ukibaki ndani ya gari hutaona zaidi ya hapo, na kuna watu wamefika Kitulo wakarudi wakisema ni nyasi. Zima injini. Shuka. Upepo utakupiga masikio kwanza, kisha utaanza kuona. Maua ya nifofia yamesimama kama mienge iliyowashwa, chungwa juu na manjano chini, na ndege wa chozi wanahama kutoka shina moja hadi lingine wakinyonya asali. Kuna mishubiri, kuna jerani, kuna protea kwenye miteremko, kuna lobelia kwenye mabondebonde yenye maji, na kuna maua makavu ya manjano ambayo ukiyagusa yanatoa sauti ya karatasi. Watafiti wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea katika uwanda huu, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini.

Okidi ndizo zinazotaka upige magoti. Nilionyeshwa moja iliyosimama si mbali na barabara, shina lake halifiki magotini, maua madogo ya waridi yamejipanga kulizunguka kutoka chini hadi juu. Mwongozaji alichutama, akaweka kidole nyuma ya ua moja bila kuligusa, akasema, “Mama, hesabu mikia.” Kila ua lilikuwa na kofia ndogo, na nyuma ya kofia hiyo vilining’inia vimrija viwili vyembamba kuliko uzi wa kushonea. Hiyo ni ya jenasi ya Satyrium. Hatua chache mbele alinionyesha nyingine, ya kofia yenye mrija mmoja tu, nayo ni ya jenasi ya Disa. Ndani ya mirija hiyo ndimo ulimo utamu unaomvuta mdudu, na urefu wa mrija ndio unaochagua ni mdudu gani atakayeufikia. Baada ya somo hilo la dakika tano sikuweza tena kupita ua bila kuinama, na watoto tuliokuwa nao wakaanza kushindana nani ataona mikia miwili wa kwanza. Mchezo wenyewe ulitulia mvua ilipoanza.

Chini ya ua lile kuna habari nzito zaidi, nayo ndiyo iliyoizaa hifadhi hii. Okidi hizi zina viazi vidogo ardhini, kwa kawaida viwili. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa, ndicho kilicholisha shina unaloliona mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa, akiba ya mwaka ujao. Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, unga wake ukachanganywa na karanga zilizotwangwa na pilipili, ukapikwa mpaka ukashikana na kukatwa vipande. Chakula hicho ni chikanda. Kwa muda mrefu kilikuwa chakula cha vijijini cha msimu. Kilipopendwa mijini, soko likakua, okidi za Zambia zikapungua, na wanunuzi wakavuka mpaka wakaja Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Utafiti uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka huku kila mwaka viliweza kufikia milioni 4.

Hesabu hiyo inatisha ukijua mmea huu unavyoishi. Mchimbaji anakitaka kiazi kipya, kile kigumu, kilichosinyaa hakimfai. Kwa hiyo anachokichukua ndicho kinachobeba uhai wa mwakani, na mmea unakwisha pale pale. Mbegu haziwezi kuziba pengo hilo kwa haraka. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina chakula ndani yake, na haioti mpaka ikutane na aina ya kuvu ardhini itakayoilisha. Ikishaota itapita miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Mteremko uliochimbwa asubuhi moja unaweza kubaki hivyo mpaka mtoto aliyezaliwa siku hiyo amalize shule ya msingi.

Siwalaumu waliochimba. Mtu anayelima viazi kwenye baridi ile, akiambiwa kuna kiazi kingine kinachoota chenyewe na mnunuzi amesimama barabarani na fedha mkononi, atachimba. Lawama za namna hiyo ni rahisi kutoka kwa anayekuja kupiga picha. Lakini nafurahi kwamba kuna waliosema imetosha. Mwaka 2002 Serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 ikatangazwa rasmi, kilomita za mraba zipatazo 413, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Tulizoea kwamba hifadhi ni ya tembo na faru. Nchi hii ikaamua kwamba hata kiazi cha ukubwa wa kidole gumba kina haki ya kuwa na askari wake, na mimi naona huo ni uamuzi wa kujivunia kuliko tunavyojivunia.

Zamani ramani za Wazungu ziliuita uwanda huu kwa jina la Elton, kwa ajili ya James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, aliyepita milima hii mwaka 1877 akitokea Ziwa Nyasa, akafia Ugogo kabla mwaka haujaisha. Jina hilo limekwisha kufutika midomoni mwa watu. Kitulo imebaki Kitulo.

Mipaka ya hifadhi inaukumbatia pia msitu wa Livingstone, na humo mna kiumbe ambaye sayansi ilichelewa sana kumjua. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimzungumzia nyani mmoja mwoga wa msituni, kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika msitu wa Mlima Rungwe, wakiongozwa na Tim Davenport, walimwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata timu nyingine ikamkuta katika Milima ya Udzungwa bila kujua habari za wa kwanza. Mwaka 2005 akatangazwa ulimwenguni, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Ana manyoya marefu ya kahawia, ushungi umesimama kichwani, na mlio wa kushtua, nusu honi nusu kubweka. Msafiri wa gari asitarajie kumwona. Anakaa juu ya miti, kwenye makorongo, na idadi yake ni ndogo. Ila ni vizuri mtoto ajue kwamba mnyama mkubwa kiasi hicho aliishi karibu na mashamba ya chai ya Tukuyu hadi karne hii bila kuandikwa popote, na kwamba waliomjua siku zote walikuwa babu zake.

Ndege ni habari nyingine, na hao wanaonekana. Tandawala, yule mkubwa anayetembea nyasini kwa hatua za kujiamini, huja kuzaliana hapa. Anayenigusa mimi zaidi ni mbayuwayu buluu, mdogo, rangi ya chuma kilichong’arishwa, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Yuko katika hatari ya kutoweka duniani. Huja Kitulo wakati wa mvua kutaga, tena hatagi mtini wala kwenye paa. Hutafuta shimo ardhini, lililochimbwa na mhanga au lililobomoka lenyewe, na kujenga kiota ukutani mwake humo ndani. Akishalea watoto wake anaondoka kwenda upande wa Ziwa Victoria. Ukiona mbayuwayu anaingia ardhini mbele ya macho yako, usidhani umekosea.

Narudi kwenye maji, kwa sababu ndiyo yanayotuunganisha na mlima huu hata sisi tusiopanda. Kitulo na milima inayoizunguka ni mgawanyo wa maji. Mvua inayoanguka upande wa kusini inashuka Ziwa Nyasa. Ya upande wa kaskazini inaingia Usangu kwa mito ya Chimala, Kimani na Ruaha yenyewe, inamwagilia mpunga, inajaza ardhioevu ya Ihefu, inavuka Hifadhi ya Ruaha, inaingia bwawa la Mtera lenye megawati 80, kisha Kidatu lenye megawati 204, na mwishowe inaungana na Rufiji juu kidogo ya bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Nyasi zile za Kitulo, na udongo mweusi ulio chini yake, hunywa mvua ya masika na kuiachia polepole hadi kiangazi. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa ndani ya hifadhi yake miezi ya kiangazi, na sababu kubwa iko chini bondeni: umwagiliaji, mifugo, na kupungua kwa Ihefu. Juu huku chemchemi bado zinatoa. Nilipoinama kunywa kwenye kimoja cha vijito vile, maji yalikuwa ya baridi hadi meno yakauma, na nikawaza wali tulioula mchana Chimala.

Kwa anayepanga safari, mambo machache. Asubuhi ndiyo ya maua. Mchana ukungu hupanda kutoka mabondeni na mvua hufuata, na ukungu wa huku unaweza kulifunika gari lililo mbele yako. Koti la mvua na viatu visivyoteleza ni vya kila mmoja, hata mtoto. Msichume. Atakayechuma moja atafuatwa na wa pili. Mwenye miguu na pumzi apande Mtorwi kwa miguu, au, kwa waliozoea milima, kuna njia ya siku nzima ya kuvuka safu ya Livingstone na kushukia Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kutoka baridi ya koti hadi maji ya kuogelea. Nyumba za wageni ziko Matamba, za kawaida na safi, blanketi nzito. Sikukuu zikikaribia ni vyema kupiga simu kabla.

Kutoka si lazima kurudi kwa kona zilezile. Barabara inauvuka uwanda, inapita karibu na shamba la mifugo la Serikali lenye ng’ombe wa maziwa, weusi kwa weupe, inaingia kwenye viazi na misitu ya kupandwa ya Uporoto, na kuteremkia Isyonje, kwenye barabara ya lami ya Mbeya na Tukuyu. Ni mteremko wa taratibu kuliko Hamsini na Saba. Aliyepanda Chimala na kushukia Isyonje atakuwa ameuzunguka mlima wote, na kama anakwenda Tukuyu au Kyela hajapoteza njia hata kidogo: yuko mbele zaidi katika njia aliyokuwa akienda, migomba na chai viko mbele yake, na Mlima Rungwe umesimama dirishani.

Lililobaki ni la shule. Shule za mikoa ya Mbeya na Njombe hukodi Costa kila mwaka kwenda kuona wanyama Mikumi au Ruaha, na ni safari njema. Kitulo iko karibu zaidi kuliko zote mbili, na kila kilichomo kimo katika vitabu vya biolojia na jiografia wanavyosoma: uchavushaji, volkano, mgawanyo wa maji, uhamaji wa ndege, kuvu na mizizi. Viingilio kwa raia ni vya shilingi na vya chini kuliko vya mgeni. Mwalimu anayeona Desemba imekwisha kumpita asiahirishe hadi mwaka mwingine. Wiki ambayo shule zinafunguliwa Januari, okidi bado zimechanua, na zitaendelea hadi mitihani ya katikati ya muhula.